Unga wa Ngano Nzima Unataka Maji na Muda

Ninaoka mikate nyumbani kwangu Umoja, Nairobi, na wateja wangu wengi ni majirani: kina mama wenye watoto wa shule, wazee waliostaafu, vijana wanaokwenda jimu. Siku hizi karibu nusu ya maagizo ni ya mkate wa ngano nzima, na swali linaloandamana nayo halibadiliki. Mtu amenunua pakiti ya unga wa kahawia, akafuata kipimo kile kile alichozoea kwa unga mweupe, na mkate ukatoka mfupi, mzito, mkavu, unaomomonyoka kisu kikiugusa. Anataka kujua kama aliuziwa unga mbovu. Mara nyingi unga hauna kosa. Una tabia yake, na kipimo cha unga mweupe hakikutungwa kwa ajili yake.

Tabia hiyo niliielewa kwenye mashine ya kusaga kabla ya kuielewa jikoni. Wakazi wa Nairobi wanaijua tofauti hii kwa mahindi: kuna unga wa gredi, uliokobolewa ukawa mweupe pe, na kuna ule wa posho, ambao punje imesagwa yote na ugali wake unakaa tumboni hadi jioni. Ngano ni hivyo hivyo, ila ni wachache wanaopeleka ngano kusagwa. Mimi hununua punje kwa wauza nafaka wa Nyamakima, nazichagua mawe, nazipepeta, kisha nazipeleka kwa kijana mwenye mashine hapa mtaani. Humwomba kwanza asafishe mashine, maana mabaki ya mahindi yakiingia kwenye ngano hupunguza nguvu ya donge. Mashine nyingi za mitaani ni za nyundo: vyuma vinazunguka kwa kasi na kuipiga punje mpaka ipite kwenye chekeche, na kwa msuguano huo unga hutoka una joto. Ni yule kijana aliyeniambia nisifunge mfuko haraka. "Mama, uache upoe kwanza. Ukiufunga hivi utatoa jasho, na unga uliotoka jasho haukawii kushika ukungu." Basi huwa naufungua mdomo wa mfuko, naketi kwenye benchi lake, nasubiri.

Uchote unga huo kwenye kiganja, uutikise taratibu chini ya mwanga. Utaona vipande vyepesi vya kahawia, hivyo ni makapi. Utaona chembe za manjano zenye mafutamafuta, hicho ni kiini, mahali ambapo mche ungechipukia. Na utaona vumbi jeupe, ambalo ndilo moyo wa punje uliojaa wanga. Kwa uzito, moyo huo ni takriban asilimia 83 ya punje, makapi kama 14, na kiini hakifiki 3. Viwanda vikubwa huipitisha ngano katikati ya rola za chuma zinazoipasua na kuikwangua hatua kwa hatua, na chekeche hutenga makapi na kiini. Katika kila kilo 100 za ngano, unga mweupe unaopatikana huwa kati ya kilo 70 na 80. Zinazobaki nyingi huishia kwenye chakula cha mifugo.

Kinachomhusu mwokaji ni hiki. Protini zinazotengeneza gluteni, ule utando unaofanya donge livutike, zimo ndani ya moyo wa punje. Hamira inapokula sukari na kutoa hewa, gluteni hutanuka kama puto na kuishika hewa hiyo, ndiyo maana mkate huumuka. Makapi na kiini havina gluteni. Vinaongeza uzito ambao gluteni lazima iunyanyue, na kingo kali za makapi zinaukata utando ule ule unaojaribu kutanuka. Kwa hiyo mkate wa ngano nzima tupu hautafikia urefu wa mkate mweupe hata ukiokwa na fundi wa namna gani. Nasema hivi waziwazi kwa wateja wangu, kwa sababu mtu akijua mapema hatakata tamaa bure. Lakini kuwa mfupi kidogo si sawa na kuwa tofali.

Siri kubwa iko kwenye maji. Makapi hunywa maji mengi, tena hunywa polepole. Kwa gramu 500 za unga mweupe mimi huweka maji mililita 310 hadi 320. Kwa gramu 500 za ngano nzima naanzia 375, na unga uliosagwa mtaani wakati mwingine hufika 400. Mwokaji aliyezoea unga mweupe ataona donge hilo limekuwa laini mno, linashika vidole, na mkono wake utamtuma aongeze unga. Asiongeze. Ulichanganye tu mpaka pasibaki unga mkavu kwenye beseni, ulifunike kwa kitambaa kibichi, uende ukafanye kazi nyingine kwa nusu saa au saa nzima. Hamira na chumvi bado hazijaingia. Ukirudi, bonyeza. Donge lililokuwa linanata sasa limeshikana, uso wake umelainika, na ukilivuta pembeni linavutika badala ya kukatika. Hakuna aliyelikanda. Maji yameyafikia makapi, makapi yamelainika na hayakati tena kama mwanzo, na gluteni imeanza kujijenga yenyewe.

Baada ya hapo ndipo ninapotia chumvi gramu 9, hamira kavu gramu 5, mafuta vijiko viwili vya chakula, na asali kidogo kwa anayependa. Nakanda kwa mkono uliolowa maji, si kwa mkono uliopakwa unga. Sipigi donge kwa nguvu muda mrefu kama ninavyofanya na jeupe, kwa sababu kadiri unavyolisugua ndivyo makapi yanavyopata nafasi ya kuchana. Nalikunja: navuta upande mmoja, naukunjia katikati, nazungusha beseni, navuta mwingine. Naliacha lipumzike dakika 20, narudia. Mizunguko mitatu hivi inatosha.

Kama unga ni wa mashine ya nyundo na makapi yake ni makubwa, nina hatua moja zaidi ninayoipenda sana. Nauchekecha unga, makapi yanayobaki juu ya chekeche nayatia kwenye bakuli, nayamwagia maji ya moto kutoka kwenye kipimo kile kile cha maji ya mkate, nayaacha yapoe kabisa. Kisha narudisha yote kwenye donge. Hakuna kilichotupwa, mkate bado ni wa ngano nzima, lakini ukiutafuna husikii kitu kinachokwaruza ulimi. Watoto waliokuwa wakisukuma sahani pembeni huula huu.

Kuna jambo la Nairobi lenyewe ambalo mapishi ya kutoka ng'ambo hayalisemi. Tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi, inalikandamiza donge kidogo kuliko pwani, kwa hiyo huumuka upesi. Ngano nzima nayo huchacha haraka kuliko unga mweupe, kwa sababu makapi na kiini vimejaa madini na vimeng'enya vinavyoisukuma hamira. Mambo hayo mawili yakikutana, donge linaweza kupita kiasi wewe ukiwa bado unaangalia saa. Mimi siliachi lifike maradufu. Likishaongezeka kwa nusu, au zaidi ya hapo kidogo, nalibonyeza kwa kidole: shimo likirudi polepole bila kujaa lote, linaingia kwenye oveni. Shimo likibaki vile vile, gluteni imeshachoka na mkate utabonyea katikati ukiiva.

Na kuhusu kuiva. Anayetumia kipimajoto cha chakula ataona mapishi ya ng'ambo yakimwambia asubiri ndani ya mkate pafike nyuzi 96 au 98. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na mkate uliojaa unyevu hauwezi kupita hapo ndani yake. Ukisubiri nyuzi 98 utakuwa unaukausha tu. Mimi nikiona 92 au 93 natoa. Asiye na kipimajoto augeuze mkate na kuugonga kitako, usikike una uwazi ndani. Halafu aache upoe, na hapa siwasamehei wenye haraka: mkate wa ngano nzima ukikatwa wa moto hunata kwenye kisu na kuonekana mbichi, maana wanga bado haujatulia. Saa moja na nusu si nyingi kwa kitu kitakacholiwa siku tatu.

Kwa anayeanza, simshauri aruke moja kwa moja kwenye ngano nzima tupu. Gramu 200 za ngano nzima na 300 za unga mweupe, maji 340, ni mahali pazuri. Ladha imeshaingia, mkate bado unasimama, na familia haitalalamika. Wiki nyingine geuza hesabu. Mimi mwenyewe mkate ninaoupenda zaidi kwa chai ya jioni ni wa theluthi mbili ngano nzima, na sioni sababu ya kumwona mtu dhaifu kwa kuchanganya.

Chapati ni habari fupi na njema. Hapo hatutaki kitu kiumuke, tunataka ulaini na tabaka, kwa hiyo ngano nzima haina kazi ngumu. Nusu kwa nusu, maji ya vuguvugu, mafuta ndani ya donge, na lipumzike saa moja kabla ya kusukuma. Ukisukuma mapema kingo zitapasuka. Jamaa zetu Wahindi wa Ngara na Parklands wametumia atta, unga wao wa ngano wa kahawia, kwa chapati zao siku zote, na unga huo husagwa laini sana, ndiyo maana chapati zao hukunjika bila kuvunjika. Ila angalia: atta inayouzwa madukani si lazima iwe punje yote. Pakiti nyingine makapi yake yamepunguzwa. Isomwe.

Mahamri ya tui la nazi mimi nayaacha kwa unga mweupe. Nimeyajaribu kwa ngano nzima, yanaiva, yanalika, lakini ile hewa ya katikati na ule wepesi unaomfanya mtu aongeze la pili haupo. Keki ya sponji vilevile. Lakini keki ya ndizi, keki ya karoti, biskuti za tangawizi, hizo zinapata utamu kutoka kwenye ngano nzima, kwa sababu ina ladha kama ya karanga ambayo unga mweupe hauna, na ndizi zina unyevu wa kuyalainisha makapi. Keki yoyote ukiwa Nairobi punguza beking poda kama robo, la sivyo itapanda haraka na kuanguka kabla haijashika. Na mchanganyiko wa keki wenye ngano nzima uache ukae dakika 15 kabla ya kuumwaga kwenye bati.

Sasa nije kwa jambo ambalo nalijali kuliko urefu wa mkate. Watu wengi wananiambia wamehamia unga wa kahawia kwa ajili ya afya, na wengi wao wameambiwa nusu ya habari.

Ni kweli kwamba ngano nzima ina nyuzinyuzi nyingi zaidi. Gramu 100 za unga wake zina gramu 10 au zaidi, ilhali unga mweupe una kama 3. Kwa tumbo, kwa choo, kwa kushiba, hilo ni jambo kubwa. Lakini tangu 2012 sheria ya Kenya inavitaka viwanda viongeze virutubishi kwenye unga wa ngano na wa mahindi unaofungwa na kuuzwa, yakiwemo madini ya chuma, zinki na asidi ya foliki. Unga ninaosagisha mtaani hauongezwi kitu. Una madini yake ya asili, mengi tu, lakini makapi yana asidi ya fitiki inayoyashikilia na kuyazuia yasiingie mwilini vizuri. Kwa hiyo mama mjamzito akiniuliza kama aache kabisa unga wa pakiti aende kwa wa mashine, namwambia asiache, na vidonge alivyopewa kliniki avimeze. Kwa mkate wenyewe, dawa ya fitiki ni muda. Donge likichacha polepole usiku mzima, vimeng'enya vya ngano huivunja sehemu ya asidi hiyo. Ndiyo sababu mikate ya ngano nzima ninayoiandaa usiku naitia hamira kidogo sana, kama robo ya zile gramu 5, na kuilaza kwenye friji hadi asubuhi. Ladha nayo hukua.

Halafu kuna kisukari. Jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu, alikuja kuagiza mkate wa kahawia kila siku akiwa na furaha ya mtu aliyeruhusiwa. "Huu nitakula hata nusu, sivyo? Hauna sukari."

"Mwalimu, shikamoo," nikamwambia, "huu nao ni wanga. Usinielewe vibaya, lakini tukae kwanza tuongee."

Jambo lenyewe ni kwamba ngano iliyosagwa ikawa vumbi, iwe na makapi au isiwe nayo, tumbo huivunja upesi. Kwenye kipimo kinachoonyesha jinsi chakula kinavyopandisha sukari kwenye damu, ambapo glukosi ni 100, mkate mweupe hupata wastani wa kama 75 na mkate wa ngano nzima kama 74. Tofauti ya kujivunia haipo hapo. Inaanza kuonekana punje zinapobaki punje, kwa sababu tumbo linalazimika kufanya kazi ya kuzifungua. Nilimweleza hivyo Mwalimu, naye, kwa kuwa ana mashine yake ya kupimia sukari na daftari lenye mistari iliyopigwa kwa rula, akasema atapima mwenyewe.

Tukakubaliana mkate wa namna nyingine. Usiku nachemsha punje za ngano mpaka zilainike lakini zisipasuke, nazichuja, nazipooza, na kuzichanganya kwenye donge kiasi cha theluthi ya uzito wa unga. Hakuna sukari, hakuna asali. Maji ya donge nayapunguza kidogo, maana punje zimeshakunywa zake. Mkate unatoka mzito, unatafunika, na slesi mbili zinatosha mtu mzima. Yeye huzila na maharagwe au yai, si na jemu, na anaandika namba zake kabla na saa mbili baada ya kula, halafu anampelekea daktari wake daftari hilo kliniki. Namba zake si zangu kuzitangaza, na za mwingine zitakuwa zake. Ninachoweza kusema ni kwamba anaendelea kuuagiza.

Wanaonunua mkate dukani nawaomba wageuze karatasi wasome viungo. Rangi ya kahawia haithibitishi chochote, inaweza kuletwa na karameli au kiganja cha makapi yaliyorudishwa kwenye unga mweupe. Kiungo cha kwanza kwenye orodha ndicho kilicho kingi. Kikiwa "unga wa ngano" bila neno lingine, huo ni mkate mweupe uliovaa koti.

Kuhusu kuhifadhi: kile kiini cha manjano kina mafuta, na punje ikishasagwa mafuta hayo yanaanza kukutana na hewa. Unga mweupe hukaa kabatini miezi mingi. Wa ngano nzima kwenye joto la kawaida la nyumba, mimi siuamini kupita mwezi mmoja na nusu, na miezi ya joto naupa mwezi tu. Ukiunusa ukakupa harufu ya mafuta ya kupikia yaliyokaa sana, au ukaweka kidogo kwenye ulimi ukasikia uchungu, usiupikie watu. Ninaosagisha naugawa kwenye mifuko ya kilo moja moja na kuuweka kwenye friza, na nautoa jioni ili asubuhi usiwe wa baridi. Punje zenyewe, zikiwa kavu na kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, hukaa zaidi ya mwaka, kwa hiyo ni heri kuweka akiba ya punje na kusagisha kidogo kidogo.

Mkate wa punje wa Mwalimu hauwezi kuokwa siku hiyo hiyo. Anayeutaka Jumamosi aniambie Alhamisi, nipate usiku mmoja wa kusagisha na kuchemsha, na mwingine wa donge kulala.